Uzoefu wangu: Tuliuziwa rufaa ya viza ya matibabu ambayo haipo

Kama umeshika barua ya kukataliwa viza ya kwenda kutibiwa Uingereza, na kuna mtu amekuahidi kukukatia rufaa, usimlipe kwanza. Sisi tulishalipa.

Mwaka 2024 Mama alikuwa afanyiwe upasuaji wa vali ya moyo katika hospitali binafsi London. Fomu alitujazia wakala. Ada ya viza ya mgeni ya hadi miezi 6 ilikuwa pauni 115, nayo hairudishwi hata ukinyimwa. Baada ya wiki tatu pasipoti ikarudi na karatasi mbili. Mama alinikabidhi bila kuzisoma, nadhani alishajua.

Wakala akazipitia juu juu, akasema tuna siku 28 za kukata rufaa, na kwamba ana mtu wake anayejua njia. Akatutoza sawa na pauni 600. Hizo siku 28 hakuzitunga. Zipo, ila ni za maombi yanayogusa haki za binadamu, kwa mfano mtu anayemfuata mume au mke aliyeko kule. Mgeni wa matibabu hayumo. Na barua yenyewe ilisema hivyo, mwishoni kabisa, mahali ambapo hasira hazikutufikisha: uamuzi huu hauna haki ya rufaa wala mapitio ya kiutawala, yaani wizara yenyewe kuukagua upya uamuzi wake.

Aliyetuonyesha mstari huo ni wakili wa Uingereza tuliyezungumza naye kwa simu mwezi uliofuata. Kabla ya kumlipa tulihakikisha jina lake limo kwenye orodha ya mawakili wenye leseni. Ndani ya nchi ile ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa. Wakala wetu ofisi yake iko nje, sheria hiyo haimfikii, na sidhani kama hilo halijui.

Wakili alisema njia ni mbili. Moja ni mapitio ya mahakama, ambako jaji hakuulizi kama mgonjwa anastahili viza. Anachotazama ni kama afisa wa viza alifuata sheria. Hutanguliwa na barua ya kuonya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza hupewa kwa kawaida siku 14 kujibu, na shauri lifunguliwe upesi, lisipite miezi 3. Njia ya pili ni kuomba upya, hata kesho yake ukitaka. Kisha akauliza, "Afisa alikosea wapi?" Tukabaki kimya.

Hakukosea, kwa hiyo tukachagua kuomba upya. Barua ya daktari bingwa ilikuwa imesema Mama "atahitaji ufuatiliaji wa muda mrefu". Kwa daktari hayo ni maneno ya kila siku. Kwa kanuni za wageni ni sumu, kwa sababu matibabu lazima yawe na mwisho unaojulikana. Daktari alipoelezwa alishangaa, akaandika upya: ugonjwa, gharama, mahali, siku 10 za kulazwa, wiki 6 za uangalizi, baada ya hapo mgonjwa arudi kwa daktari wake wa nyumbani. Tiba ni ileile, hakugusa kitu.

Kingine ni fedha, na hapa ndipo tulipotoka jasho. Michango ya ndugu iliingia kwenye akaunti yangu ndani ya siku tisa. Sisi tuliona fahari, ukoo umesimama. Afisa aliona akaunti iliyolala miezi mitano halafu ikafura ghafla, bila maelezo. Tulipoomba mara ya pili, kila aliyechangia alitoa taarifa yake ya benki ya miezi 6 na barua fupi: mimi ni nani kwa mgonjwa, nimetoa kiasi gani, nimekipata wapi. Baba mdogo aligoma. "Mwanangu, nitoe hela yangu, halafu nijieleze kama mwizi?" Nilimbembeleza siku nzima, akaleta karatasi zake usiku, zimekunjwa ndani ya gazeti.

Wakala, aliposikia tunaomba upya, alipiga simu kutushauri kwenye swali la kuwahi kunyimwa viza tujibu hapana. Hapana hiyo ingeweza kumfungia Mama milango kwa miaka 10, maana hiyo ndiyo adhabu ya udanganyifu kwenye ombi. Tulijibu ndiyo, tukaambatisha barua ya kwanza na maelezo ya kilichorekebishwa, hoja kwa hoja.

Anayemsindikiza mgonjwa ajue pia kwamba hakuna viza ya msindikizaji. Mimi niliomba kivyangu kama mgeni wa kawaida, kwa ada yangu na nyaraka zangu.

Viza zote mbili zilitoka siku ya 13 ya kazi. Mama alipasuliwa, akamaliza wiki zake, akarudi, na sasa ugomvi wetu ni wa vidonge vya asubuhi.

Wakili nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa bei yake ya saa moja, ambayo hata hivyo haikufika nusu ya ile ya wakala. Wakala namwachia nyota moja. Juzi nilimpigia tena kudai zile pauni 600. Akaniambia nivumilie, rufaa bado inashughulikiwa.