Uzoefu wangu: baiskeli ya kukodi, jioni ya Julai, nyika ya Burbage

Mwezi wa saba nilikodi baiskeli ya milimani kwa jioni moja hapa Sheffield, pauni 38 pamoja na kofia ngumu, na pauni 5 nyingine za taa. Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kike, kaka mmoja wa Watamu tunayefanya naye kazi wodini, na rafiki yetu Mwingereza anayezijua njia zile kama uani kwao. Duka sitalitaja, kwa sababu nina sifa nyingi za kulipa na lawama moja nzito, na ya lawama tumeshayamaliza wenyewe.

Nianze na fundi, maana yeye ndiye aliyefanya jioni ile iwe vile ilivyokuwa. Ni mama wa makamo, mikono imejaa grisi. Hakukimbilia kunipa baiskeli. Aliniuliza kilo zangu, na mara ya mwisho nimeendesha juu ya mawe lini. Nikamweleza kwamba nimekulia Marangu, baiskeli niliyojifunzia ni Phoenix ya baba, ile ya breki za vyuma, tuliyobebea majani ya ng'ombe. Akafurahi, akaniuliza breki zile zinavyofanya kazi. Kisha akanipandisha kwenye baiskeli niliyopangiwa, namba 14, akaniambia nishike usukani na niguse breki kwa kidole cha shahada peke yake. Kidole hakikufika vizuri. Vidole vyangu ni vifupi, na miaka yote nimedhani breki ngumu ni jambo la kuvumilia tu. Akachukua kispana kidogo chenye umbo la L, akazungusha skrubu moja kwenye kila mkono wa breki, ikasogea karibu. Kidole kikatulia pale kwenye ncha. Kazi ya dakika moja, na ndiyo iliyonishusha salama baadaye.

Shokapu za mbele za baiskeli hii hazina springi ya chuma, zinajazwa upepo kulingana na uzito wa mtu. Kwenye mguu wa shokapu kuna kipete cha mpira. Ukikaa unakisukuma, ukishuka kinabaki pale zilipozama, fundi anasoma. Mimi na kilo zangu 62 sikuzizamisha vya kutosha, maana aliyeikodi kabla yangu alikuwa mzito. Akapunguza upepo, akanipandisha tena, akapunguza tena. Mara tatu. Tairi nazo ni za inchi 29, hazina tyubu; ndani kuna maji ya gundi yanayoziba tundu dogo lenyewe. Alizijaza laini kuliko nilivyotarajia, akasema tairi laini inashika jiwe, ngumu inarukaruka. Kiti kina kitufe chake kwenye usukani: ukiteremka unabonyeza na kukisukuma chini kwa makalio, ukifika tambarare unabonyeza tena, kinapanda.

Tulipewa pia ramani iliyopigwa kalamu, njia zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa. Hili wageni wengi hatulijui. Uingereza huwezi kupita na baiskeli popote unapoona njia. Vijia vya waenda kwa miguu si vyetu. Njia za farasi tunaruhusiwa tangu sheria ya mwaka 1968, ila lazima uwapishe watembeao na wapanda farasi. Geti ulilolikuta limefungwa unalifunga nyuma yako, kuna kondoo. Na moto hauwashwi kabisa, kwa sababu udongo wa juu kule ni mboji nyeusi iliyorundikana kwa maelfu ya miaka, nayo yenyewe huungua.

Tuliingia nyikani kutokea kijiji cha Ringinglow, kama saa moja na robo jioni, kwa barabara ya zamani ya Houndkirk. Kabla ya lami, magari ya farasi yalipita hapo. Sasa ni mawe na kokoto, maji yamechimba mifereji, na kushoto kulia hakuna nyumba wala mti, ni vichaka vya kufika gotini hadi upeo wa macho. Nilisimama nikachuma kitawi. Majani yake madogo magumu niliyatambua mara moja: ni ndugu wa mimea ile tunayoipita Kilimanjaro kati ya kambi za Mandara na Horombo. Kule nyumbani mingine inakuwa miti yenye ndevu za kuvu. Hapa imekaa chini. Sikutarajia kuguswa hivyo na kitawi. Mdogo wangu naye alinyamaza.

Matunda madogo meusi ya bilberi yalikuwa yameiva kando ya njia, tukala mpaka vidole vikawa vya zambarau. Hapo akapita ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda chini kama sindano ya gunia, akilia sauti inayopanda na kukatika. Waingereza humwita curlew. Kaka akasema, "Huyu namjua, hawa wako kwetu Mida Creek maji yakitoka." Kweli, ndege wa jamii hiyo hushuka pwani yetu wakati Ulaya kuna baridi. Kaka alimfuata kwa macho mpaka akapotea.

Mteremko wa mwisho kuelekea baa ya Fox House ndio uliopima baiskeli. Mawe yamelegea, makubwa kama vichwa vya nazi. Nilibana breki zote mbili, gurudumu la nyuma likaanza kuteleza. Wenzangu wakapaza sauti: "Achia, dada! Achia, shika kidogo kidogo!" Nikateremsha kiti, nikasimama juu ya pedali, nikawa nabonyeza na kuachia kwa kile kidole kimoja. Usukani ulitetemeka, lakini mikono haikuuma. Shokapu zilimeza mawe moja baada ya jingine, na nilipofika chini nilikuta kile kipete cha mpira kimebakiza vidole viwili tu kufika mwisho. Mdogo wangu alikuja na baiskeli yake mwenyewe ya mtumba isiyo na shokapu. Alilazimika kushuka na kusukuma sehemu mbili, na viganja vilimvimba. Anayependa kulinganisha, alinganishe hapo.

Tulipumzika Longshaw, chapati na chai ya tangawizi ya chupa. Kisha tukaingia bonde la Burbage kwa ile njia pana ya kijani inayopanda taratibu. Ng'ambo ya bonde iko Carl Wark, ngome ya mawe ya watu wa kale, na nyuma yake kilima cha miamba cha Higger Tor. Chini ya miamba kule kumelala mawe ya kusagia, mviringo kamili, yaliyochongwa yakaachwa pale pale biashara ilipokufa. Hifadhi ya Peak District imelifanya jiwe hilo kuwa nembo yake. Saa tatu na nusu usiku jua ndiyo kwanza linazama. Miaka sita niko nchi hii na bado nikisema "saa tatu usiku" huku naona kivuli changu ardhini, moyo unakataa. Miamba iligeuka rangi ya kutu, halafu ya majivu, na baridi ikapanda kutoka kijitoni.

Sasa lawama. Tumefika darajani, juu kabisa ya bonde, giza limeingia, tunarudi Ringinglow kwa lami. Sheria ya hapa inataka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma jua likishazama. Taa yangu ya mbele ilizimika baada ya kama dakika 40. Haikufifia kwanza kunipa onyo, ilikatika ghafla nikiwa kwenye mteremko, na kondoo wamelala ukingoni mwa barabara. Wenzangu waliniweka katikati, mmoja mbele, wawili nyuma, tukashuka polepole. Niliogopa sana. Duka linalopima shokapu mara tatu haliwezi kumpa mteja taa ambayo halijaipima mara moja.

Asubuhi nilimwambia fundi hivyo hivyo. Hakubishana. Aliichomeka kwenye chaji mbele yangu, akaona betri imechoka, akaitupa na kunirudishia pauni 5. Ameanza kuandika tarehe ya kupimwa kwenye kila taa. Nampa heshima yake kwa hilo.

Ukienda, vaa soksi ndefu na ukirudi kagua miguu, nyuma ya magoti hasa, kwa sababu vichaka vina kupe wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme. Beba koti hata kama mjini kuna joto. Na kama huna baiskeli ya mawe, kodi kwanza kabla ya kununua ya mtumba.

Mwezi wa nane vichaka vile vinachanua zambarau. Tunarudi watano. Mdogo wangu safari hii anakodi, mimi nimeshawekewa namba 14, na taa nimenunua yangu.