Kitabu cha Ghaidan kuhusu Lamu: nimekinunua ukuta nishauharibu

Haya jamani, rivyu hii ni ya kitabu lakini itabidi mnivumilie maana nimeanza na kitabu kimoja nikajikuta namfuata mwandishi mwenyewe mpaka Baghdad. Kitabu ni Lamu: A Study of the Swahili Town cha Usam Ghaidan, cha mwaka 1975, kilitolewa na East African Literature Bureau. Nimekipata cha mtumba onlaini kwa shilingi 4,500, muuzaji kaandika "hali nzuri sana", kilipofika gamu imeachia na kuna mtoto wa watu kachora gari kwa biki ukurasa wa plani ya nyumba. Sawa, tuendelee.

Kilichonifanya nikitafute ni nyumba ya bibi yetu pale Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu. Tumeachiwa wajukuu, na sisi kwa ujanja wetu tukamweka fundi akapiga lipu ya simiti ukuta wote wa chini, ukawa laini unang'aa kama wa hoteli, tukapiga na picha. Masika ya kwanza tu ukaanza kuvimba, ya pili lipu ikawa yabanduka vipande vipande na nyuma yake jiwe limemomonyoka kama sukari. Sababu yenyewe si uchawi: kuta zile ni matumbawe na chokaa, maji yanapanda kutoka chini kidogo kidogo na yakitoka kupitia chokaa hayana neno, ukiweka simiti umefunga njia, maji yanabaki ndani na chumvi yake inakula jiwe. Mjomba alipouona akasema neno moja tu, "Mwanangu, jiwe hili lanwa mai tangu liko baharini, nawe waliziba kanwa?" Yaani lanywa maji, nami naliziba kinywa. Sikuwa na jibu.

Sasa Ghaidan. Huyu bwana si Mswahili, ni msanifu majengo kutoka Iraq aliyekuja kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na kilichonivutia kwake ni mpangilio wa kazi yake. Watu wengi wakiandika juu ya nyumba za kale wanaanza na ushauri, paka hiki, toa kile. Yeye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anaandika makala jarida la African Arts, sanaa za Lamu na ile plasta ya kuchongwa, yaani kaanza na pambo la ukutani. Halafu 1975 ndiyo hiki, mji na nyumba zake. Halafu 1976 ndipo kikatoka Lamu: A Study in Conservation, cha kusema tuutunzeje. Kaangalia kwanza miaka kadhaa ndio kafungua mdomo kutoa shauri, sisi tulianza na simiti.

Ndani ya kitabu kilichonishika ni michoro. Unaingia darakani, kile kibaraza cha mlangoni, ukitoka pale unapinda, huoni ndani moja kwa moja, unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani wenye mwanga, halafu msana wa tini, msana wa yuu, kumbi mbili ndefu zinazofuatana, halafu ndani kwenyewe, chumba cha ndani kabisa chenye zidaka, vile vishubaka vya plasta ukutani. Nimekulia nyumba ile na sikuwahi kujiuliza mbona vyumba vyetu ni virefu vyembamba kama behewa la treni. Ni boriti! Mti wa mkoko unaofaa hauzidi sana mita 3, basi upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi, ukitaka nafasi zaidi unaongeza chumba kingine ubavuni. Na juu ya boriti kuna mawe na chokaa tabaka nene, uzito wote huo umekaa kwenye kuta. Binamu yangu alikuwa keshapanga kuvunja ukuta kati ya misana miwili apate sebule kubwa ya kuweka tivii, nikamfungulia plani nikamwambia haya nionyeshe dari litashikwa na nini. Kanyamaza. Hapo tu shilingi 4,500 zishalipa.

Mabaya yapo. Kwanza ni Kiingereza kitupu, kitabu cha nyumba zetu na mafundi wetu wengi hawawezi kukisoma, hili linaniuma mpaka leo ingawa si kosa la mwandishi peke yake. Pili usikinunue ukidhani kitakufundisha kuchanganya chokaa, hilo bado ni la kumfuata fundi mzee na kukaa naye, tanuu lake, chokaa kulala kwenye maji siku ngapi, hayo yote. Na ningependa akina bibi waongee zaidi, maana ndani na zidaka zile ndio walikuwa wenyewe.

Mji wa Lamu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2001, miaka 25 baada ya kile cha 1976, sisemi ni yeye peke yake aliyeuingiza lakini mtu alishaandika mapema kwamba kuna kitu hapa. Na baada ya makumbusho ya Baghdad kuporwa Aprili 2003, nikakuta jina lake tena, yeye na Anna Paolini wameandika historia fupi ya makumbusho yale kwenye jarida la Museum International. Nilikaa kimya kidogo nikiwaza, mtu kahangaikia zidaka za watu wa Lamu, halafu uzeeni anahangaikia nyumba ya vitu vya kwao.

Nyota 4 kati ya 5, moja nimekata kwa sababu ya lugha. Simiti yetu tumeibandua yote kwa patasi pole pole, wiki tatu vumbi, ukuta sasa uko uchi unakauka na mjomba kakataza mtu kuugusa mpaka kaskazi iishe, ndipo fundi wa chokaa aje. Kama kuna mwenye kile cha 1976 anauza anitafute, ila tafadhali piga picha za kurasa zote kwanza, usiniandikie "hali nzuri sana".