TNF alfa yangu ilifika moto, ajenti akasema seli zangu ndio mbovu

Jamani kabla hujaagiza TNF alfa, ile protini ya kinga ya mwili tunayotumia maabara, kupitia ajenti hapa Dar, muulize kwanza inakuja unga au inakuja maji. Ya kwangu ilikuja maji, ile ya kusafirishwa na barafu kavu, boksi likalala uwanja wa ndege wikiendi nzima eti kibali hakijasainiwa, tunafungua barafu hakuna hata punje. Unga ungevumilia joto la siku mbili tatu, maji hayavumilii.

Sisi tunaitumia kwenye malaria. Unaweka nanogramu 10 kwa mililita kwenye seli za mshipa wa kitovu, zinaamka, zinaweka ICAM-1, protini ya kunasia, kwa wingi juu yake, halafu unaangalia chembe nyekundu za damu zenye falsiparamu, kimelea cha malaria, zinavyojibandika pale. Bachi ya mwanzo, niseme ukweli, ilikuwa safi, zinajibandika mpaka raha. Hii mpya kimya, chembe zinapita tu.

Nikampigia ajenti. "Dada, angalia seli zako, labda zimezeeka." Hata namba ya bachi hakuuliza! Nikafanya kipimo cha L929, zile seli za panya, unaweka aktinomaisini D, dawa ya kuzidhoofisha, na TNF, usiku mmoja zinakufa, na kuua seli ndio kazi iliyoitambulisha protini hii tangu ilipoelezwa mara ya kwanza New York mwaka 1975. Pleti moja, upande huu kichupa cha ajenti, upande ule TNF ya maabara ya jirani. Asubuhi za upande wa jirani zimekufa zote, za upande wake ziko hai zimenawiri. Nikamtumia picha, akajibu atanipa diskaunti oda ijayo. Diskaunti ya nini sasa?

Na sio hela peke yake inayoniuma. Seli zile zinatoka kwenye kitovu ambacho mama wa watu alikubali kutuachia baada ya kujifungua, na hazidumu, ukizikuza mara chache tu zimechoka. Zimeishia kwenye jiki.

Nilitaka kusema protini nzuri, usafiri ndio mbovu, waliotengeneza wasilaumiwe. Ila kadiri ninavyoandika naona na wao wanahusika, wanampaje mtu kama huyu kuuza kitu cha friza ya -80 wakati hajui hata kinaharibikaje? Kwa sasa nimehamia ya unga, naiyeyusha mwenyewe na albumini kidogo isinase kwenye plastiki, naigawa vichupa vidogo vidogo ili nisiigandishe mara ya pili. Na huyo ajenti namdai kichupa kizima, diskaunti abaki nayo.