Uzoefu wangu: nililipia mafunzo ya kugandisha mwendo, nikafundishwa na mbeba stendi

Nimekaa na hasira hii majuma kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Nilijiandikisha kwenye mafunzo mafupi ya kupiga picha za vitu vinavyokwenda kasi. Kamera ninayo siku nyingi, DSLR ya kawaida pamoja na lenzi iliyotoka nayo kwenye boksi. Haja yangu ilikuwa moja tu: kumpiga mpwa wangu picha akiruka kamba, nimwone yuko hewani na uso wake ni uso. Kila nilipoiachia kamera ijichagulie yenyewe, ilichagua shata ya 1/60 ya sekunde, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, na mtoto akatoka kama moshi.

Siku ya kwanza mwalimu aliandika ubaoni 1/1000, akaipigia mstari, akasema anayetaka kugandisha mwendo aweke hiyo, basi. Tukaweka. Tulikuwa ndani ya ukumbi, watoto wawili wakiruka kamba huku wakija upande wetu. Picha zangu zikatoka giza totoro. Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka zikaonekana, lakini nyuso bado zilikuwa na ukungu.

Nikanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, mwanga nimeupata ila mtoto bado hatulii, nimekosea wapi?" Hakusogea hata hatua moja kuja kutazama skrini. Akanijibu pale pale alipo, mbele ya darasa zima: "Dada, kwa lenzi hiyo utahangaika bure. Hiyo ni ya kupigia watu waliosimama." Watu wakacheka. Mimi nikashusha kamera mapajani na sikuuliza tena siku nzima.

Nisimsingizie. Kuhusu lenzi hakusema uongo. Yangu nikiivuta mpaka mwisho tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), wakati ile aliyokuwa ameishika yeye, ya f/2.8, inapokea mwanga mara nne ya huo. Lakini hilo ni jibu la giza, na giza nilikuwa nimeshalimaliza mwenyewe. Mimi niliuliza habari ya ukungu!

Na hata hilo giza hakutueleza limetoka wapi. Ukitoka 1/60 kwenda 1/125 umekata mwanga nusu. Ukifika 1/250 umekata tena, 1/500 tena, 1/1000 tena. Mara nne, umebaki na sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga uliokuwa nao. Kama ISO ilikuwa 400, itabidi ipande hadi 6400 kufidia, na chenga, yale madoadoa kwenye picha, zitakuja. Zije. Picha yenye chenga na mtoto anayetambulika naipenda kuliko picha safi ya moshi. Hesabu hiyo nimekuja kuielewa baadaye, na kuifundisha hakuchukui hata dakika 5. Yeye alituachia namba ubaoni kama amri.

Usiku ule sikulala vizuri. Mwaka 1878 mpiga picha Muybridge alimpiga picha farasi anayekimbia, akaonyesha kwamba kuna wakati kwato zote nne haziko chini, na alitumia sahani za kioo zilizopakwa dawa kwa mkono. Leo mimi nina kamera yenye uwezo wa 1/4000, halafu naambiwa mtoto anayeruka kamba hawezekani kwa sababu ya lenzi? Niliiweka kamera kwenye mfuko wake nikiwa na nia ya kuiuza.

Nilirudi kwa sababu pesa ilikuwa imeshakwenda. Wakati wa mapumziko akanijia kijana ambaye kazi yake ilikuwa kubeba stendi na taa za mwalimu. "Dada, naomba nizione zile za jana." Akachukua picha moja, akaikuza mpaka mwisho, akaniuliza ukuta wa nyuma naonaje. Nikamwambia uko safi. Na uso? Una ukungu. Na mikono ya mtoto, imeburuta mstari? Haikuburuta.

Akanieleza polepole, na hapo ndipo mafunzo yalipoanzia kwangu. Picha ikiwa imeburuta yote kuelekea upande mmoja, mpaka ukuta, ujue mkono wako ndio uliotikisika. Ukuta ukiwa safi na mkono wa mtoto umeburuta, shata ni ya polepole, ongeza kasi. Lakini ukuta ukiwa safi kuliko uso, na hakuna kilichoburuta, mtoto alishaganda vizuri, ila fokasi, yaani pale lenzi inapoona safi zaidi, imeangukia nyuma yake. Kumbe aina za ukungu ni tatu na kila moja ina dawa yake, na mimi siku nzima nilikuwa nainywea dawa ya ugonjwa mwingine.

Kamera yangu ilikuwa inapima fokasi mara moja nikibonyeza nusu, kisha inalala hapo hapo. Mtoto anasogea, fokasi imebaki alikotoka. Akanihamishia kwenye ile inayomfuata mtu muda wote kidole kikiwa kwenye kitufe: kwenye Canon imeandikwa AI Servo, kwenye Nikon AF-C. Halafu akashusha shata hadi 1/500. Nikashtuka. Akasema anayekuja kuelekea kamera anahitaji kasi ndogo kuliko anayekatiza mbele yake, na mrukaji akifika juu kabisa hutulia kidogo kabla ya kushuka, basi nimsubiri pale. ISO ikarudi 3200, chenga zikapungua. Picha ya tatu ilikuwa yenyewe. Nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema.

Sasa niwaambie nini mnaoniuliza kama mjiandikishe? Nilikuja hapa kuandika msiende. Lakini siku ya mwisho mwalimu huyo huyo alifundisha flashi, na alifundisha vizuri mno. Alizima taa, akaweka shata 1/200 tu, akadondosha matone ya maji kwenye bakuli, na kila tone likaganda kama kioo. Alieleza kwamba gizani shata haina kazi ya kugandisha, kinachogandisha ni mmweko wenyewe, na flashi nyingi ukizipunguzia nguvu mmweko wake unazidi kuwa mfupi. Alieleza pia kwa nini ukiipandisha shata kupita kasi ya juu inayokubaliana na flashi unapata mkanda mweusi: shata ina mapazia mawili, na pazia la pili limeshaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua. Kwa somo lile peke yake ningesema nendeni.

Lakini mtu anayejua kueleza hivyo alishindwaje kutembea hatua kumi kuja kuangalia skrini yangu? Uwezo anao. Hapana, nafuta nilichosema. Akisimama yule kijana mbele ya darasa, nitalipa tena bila kuuliza. Kwa mwalimu yule, sirudi.

Picha ya mpwa wangu nimeshaipata, kwa lenzi ile ile. Macho yake yanaonekana mpaka kope. Kamba tu ndiyo imebaki na ukungu juu ya kichwa chake, maana kamba inakwenda mbio kuliko mtoto. Nimeiacha hivyo, imependeza. Nakala ya kwanza nilimtumia mbeba stendi.