Makuhani wa Wizardry wamekula dhahabu zangu wakanirudishia majivu

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Jamaa mmoja aliniambia kama naona gemu za siku hizi laini, nijaribu Wizardry, ile ya 1981 ya kompyuta za Apple II. Nikapakua programu ya kuiga mashine hiyo, nikaunda watu wangu sita, tukashuka shimoni.

Ramani hakuna, unachora mwenyewe. Nikamwomba binti yangu daftari la hesabu, lile la mirabaraba, maana kila ghorofa ni miraba 20 kwa 20 na ghorofa ziko 10. Chini huko kuna sakafu inayokuzungusha kimyakimya: unachora kaskazini kumbe umeshageuzwa mashariki. Kurasa tatu nimechana.

Hayo nayasamehe. Hekalu ndilo sisamehi.

Nilikuwa na mchawi, Bi Kiroboto, nimemlea wiki kadhaa tangu hana uhai wa kustahimili kofi moja. Siku hiyo mwizi wetu akakagua sanduku, akasema mtego ni sindano ya sumu. Lilikuwa bomu. Bi Kiroboto kafa palepale. Tukabeba maiti mpaka juu, hekaluni, ambako makuhani hufufua wafu kwa malipo. Pale ukipungukiwa hela makuhani wanakufukuza kwa kukuita bahili na murtadi. Haya, nikawakamua wenzake wote, nikalipa. Wakanong'ona, wakaimba, wakaomba, neno moja moja linajitokeza kwenye skrini, nami nimebana pumzi kama mjinga. Jibu: majivu. Na hela hairudi! Tena kufufua majivu ni ghali kuliko maiti. Nikauza ngao, nikauza panga, nikarudi. Safari hii amepotea moja kwa moja, na gemu imeshaandika kifo chake kwenye diski.

Ndiyo, najua, programu niliyotumia inaruhusu kurudi nyuma. Niliapa sitaigusa. Kwa hiyo hasira nyingine ni za kujitakia.

Nilikaa hapa niwaambie msiiguse takataka hii. Lakini niseme kweli: sijawahi kuogopa mlango kama ninavyoogopa ile mistari michache myeupe kwenye giza. Gemu zenye picha kama sinema hazijanitoa jasho la viganja. Adui mkuu anaitwa Werdna; lisome kuanzia nyuma upate Andrew, jina la Andrew Greenberg, aliyeitunga pamoja na Robert Woodhead. Walikuwa wanacheka, hao.

Kuna toleo jipya la 2024 la Digital Eclipse, picha nzuri, na masharti unaweza kuyalegeza. Anzeni na hilo. Au msianze kabisa, mna familia.

Jana usiku nimeunda mchawi mwingine. Jina lilelile, Bi Kiroboto, uhai wake 3. Mwizi nimemwacha kwenye kilabu cha Gilgamesh anywe. Masanduku sasa tunayapita tu.