Go au Rust kwa kazi ya seva?

Lugha hizi mbili za kuandikia programu zote zinaweza kukupa faili moja tu la kupeleka kwenye seva. Tofauti ni jasho la kulipata. Kwa Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, unaandika `GOOS=linux GOARCH=arm64 go build` ukiwa kwenye Mac yako, nalo faili la seva ya Linux linatoka, basi. Rust, iliyofikia toleo 1.0 mwaka 2015, inataka kwanza `rustup target add` ili kuongeza mfumo unaoulenga, na mara nyingi linka ya mfumo huo, yaani programu inayounganisha vipande vya msimbo kuwa faili moja. Hiyo linka ndiyo inayokula jioni za watu.

Kwenye kumbukumbu mambo yanageuka. Go ina mfagiaji anayepita kuondoa data isiyotumika tena, na programu nyingi hazimhisi kabisa. Discord, wenye programu ya kuchati, walimhisi: huduma yao moja ilikuwa ikisuasua kila baada ya dakika 2 hivi, na mwaka 2020 wakaeleza jinsi walivyoiandika upya kwa Rust. Rust haina mfagiaji. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wako kuwa faili la kuendeshwa, inakukatalia mapema, tena bila huruma, ukijaribu kubadilisha data ambayo sehemu nyingine bado inaisoma.

Kwa API (mlango ambao programu nyingine hupitia kuomba data) ya kawaida ya kusoma hifadhidata, mimi nachukua Go bila kusita. Rust naiwekea huduma ambayo kuchelewa kidogo tu ni hasara.