Mkato wa shagi: uliza kwanza tabaka fupi linaanzia wapi

Nimekaa na mkato wa shagi muda wa kutosha kuziona tabia zake zote: ukiwa mpya, ukianza kuota, ukiwa umetoka kuoshwa na ukiwa umelaliwa usiku kucha. Naupenda sana. Lakini nimeona pia ukimharibia mtu nywele, na kilichotofautisha aliyetoka saluni akitabasamu na aliyetoka akajifunga kilemba hakikuwa umbo la uso. Kilikuwa ni mahali ambapo tabaka fupi kuliko yote lilianzia.

Kwa asiyeujua, shagi ni mkato wa matabaka mengi yanayopandiana. Utosini ni mafupi, yanarefuka kadiri yanavyoshuka mabegani, na mbele nywele za pajini zinaungana na za mashavuni bila kuacha pengo. Ncha hazikatwi mstari mmoja, zinaachwa zimechangukachanguka. Si mkato wa jana. Mtengeneza nywele wa New York, Paul McGregor, alimkata hivyo mwigizaji Jane Fonda kwa ajili ya filamu ya Klute iliyotoka mwaka 1971, na miaka ile ya sabini wanamuziki wa roki wakauvaa, wanaume kwa wanawake, Mick Jagger na Joan Jett wakiwamo. Karibu na mwaka 2021 ukapata umaarufu upya mitandaoni kupitia mkato wa mbwa mwitu, ambao ni shagi iliyozidishwa: utosini pafupi zaidi, kichogoni parefu zaidi. Ukipeleka saluni picha ya mbwa mwitu ukidhani ni shagi ya kawaida, utarudi na utosi mfupi kuliko ulivyotaka.

Nywele zangu ni za kujikunja. Ni nyingi, ila unywele mmoja mmoja ni mwembamba, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo mkataji mzuri huyapima kabla hajashika mkasi. Wingi unamwambia apunguze kiasi gani. Unene wa unywele unamwambia atumie kifaa gani.

Dada aliyenikata hakuniosha kwanza. Alikuwa ameshaniagiza nije na nywele kavu, zimeachiwa, hazina jeli, zimekaa kama ninavyotembea nazo siku zote. Akanizunguka akiziangalia. Kisha akachukua kikunjo kimoja karibu na sikio, akakivuta kikanyooka mpaka kidevuni, akakiachia. Kikaruka hadi kwenye mfupa wa shavu. Akafanya vivyo hivyo utosini, ambako vikunjo vyangu ni vidogo na vinabana kuliko vya kichogoni, na pale kikaruka juu zaidi. Akaniambia, "Dada, hapa juu nikikata kwa kipimo cha huku chini utaondoka na kofia." Akaamua tabaka fupi la utosini, likishakauka na kujikunja, lifike usawa wa jicho, lisipande zaidi ya hapo. Uamuzi huo mmoja ndio niliolipia, mengine yote yaliufuata.

Alizikata kavu, na sababu yake ni ya msingi. Unywele ukilowa unavutika na kuwa mrefu kuliko ulivyo, ukikauka unarudi. Kwa nywele za singa tofauti hiyo ni ndogo, mkataji anaimudu. Kwa nywele za kujikunja ni kubwa, na za kipilipili huweza kujikusanya zikaonekana chini ya nusu ya urefu wake halisi. Nywele za pajini zilizokatwa mbichi usawa wa nyusi zitakauka ziwe katikati ya paji, na hapo hakuna mafuta wala brashi itakayozirudisha.

Alikwenda kikunjo kwa kikunjo, akiingiza ncha ya mkasi kwa wima ili mwisho wake usiwe butu. Wembe hakuugusa, na namsifu kwa hilo. Wembe huukata unywele kwa mshazari, ncha inabaki imekonda. Kwenye nywele za singa zenye afya hiyo huleta ule ulaini watu wanaoutafuta. Kwenye nywele za kujikunja ncha iliyokonda hutimka, na hupasuka mapema.

Kabla ya kumaliza upande wa mbele aliniuliza kama kazini huwa nafunga nywele. Nafunga. Basi akaziacha za mashavuni ndefu kiasi cha kufika nyuma ya sikio zikivutwa, ili zishikwe na kibanio. Laiti kila mkataji angeuliza hivyo. Shagi iliyokatwa fupi pembeni haifungiki, na mtu anayefanya kazi ameinama, jikoni au wodini, atashinda akizirudisha nywele nyuma ya masikio.

Sasa wifi yangu. Yeye ana nywele za singa, laini, tena chache. Alikwenda mahali pengine na picha ya mtu mwenye nywele nzito za mawimbi. Aliyemhudumia alimuosha, akazinyanyua zote juu ya kichwa, akaanza matabaka usawa wa mashavu, kisha akapitisha mkasi wa meno, ule wa kupunguzia, kutoka katikati hadi chini. Siku ile zilionekana zimejaa, maana draya na brashi ya duara zilifanya kazi yote. Alipoziosha mwenyewe nyumbani zikalala, na kuanzia kidevuni kwenda chini zikabaki nyuzi chache, bega linaonekana katikati yake. Niliumia kwa ajili yake, hasa kwa kuwa alichokitaka kilikuwa kinawezekana.

Kila tabaka unaloongeza juu linachukuliwa kutoka kwenye ujazo wa chini. Mwenye nywele nyingi anacho cha kutoa, tena akitoa anapata nafuu. Mwenye nywele chache hana. Kwake shagi inatakiwa iwe na matabaka machache na marefu, fupi kuliko yote lianzie kidevuni au chini ya hapo, na mstari wa mwisho uachwe umekatwa butu ili macho yaone unene. Uchangamfu wote uwekwe mbele: nywele za pajini zinazofunguka katikati na vipande viwili vitatu vinavyoshuka shavuni. Mkasi wa meno ukae mezani. Mkataji mwingine alimwokoa kwa kupandisha mstari wa chini hadi mabegani, zile nyuzi zikaondoka, na ghafla nywele zikaonekana kama zimeongezeka maradufu. Ila zile za usawa wa mashavu zinabidi zisubiriwe. Nywele huota kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, kwa hiyo kutoka shavuni hadi begani ni zaidi ya mwaka.

Singa nene na nzito zina shida nyingine kabisa. Hizo zikikatwa matabaka kwa mkasi uliolala, kila tabaka linaonekana kama kipandio cha ngazi. Zinataka ncha zikatwe kwa wima na uzito utolewe ndani, karibu na kichogo, bila kugusa tabaka la juu linaloonekana. Hapa wembe mkali, mikononi mwa aliyeuzoea, unafaa.

Wenye mawimbi sina mengi ya kuwaambia. Mkato huu kama ulitungwa kwa ajili yao. Waombe matabaka ya wastani, wakaushe na upepo, waende zao.

Kipilipili ndiko ninakotaka kukaa, kwa sababu wengi huambiwa shagi si yao. Si kweli. Binti wa dada yangu anayo, na imempendeza kuliko sisi wote. Nywele za kipilipili zilizoachwa urefu mmoja zikifumuliwa huwa na umbo la pembetatu: utosini zimelala, pembeni zimetanuka. Matabaka hulivunja umbo hilo. Uzito wa utosini ukipungua, nywele zinasimama juu, pembeni zinashuka, na za pajini zinaangukia kwenye nyusi zenyewe. Mkataji wake alimuuliza huwa anazivaaje mara nyingi. Akajibu kwamba anasuka twisti na kuzifumua. Basi akatakiwa aje siku hiyo akiwa amefumua twisti zake, na mkato ukafuata umbo lile. Angekuwa mtu wa kunyoosha kwa draya, zingekatwa zikiwa zimenyooshwa, kisha zikaloweshwa na kuangaliwa tena zikijikusanya kabla hajanyanyuka kitini. Ukikatwa katika hali usiyoivaa, utapendeza saluni tu.

Kuna gharama moja ambayo lazima niitaje. Kama mwaka wako mwingi unapita ukiwa umesuka rasta, fikiria mara mbili. Nywele za utosini zilizokatwa fupi zitachomoza kwenye kila rasta ndefu, na msusi atalazimika kuzilaza kwa jeli au kuongeza nywele za bandia mapema. Na kama nywele za pembeni zimeanza kukatika kwa kusukwa kwa kubana, usiruhusu mkasi hapo. Zipumzishe kwanza.

Wa nywele za dawa wana nafasi yao pia, hasa wanaotaka kurudi kwenye nywele asilia bila kunyoa. Kila unapokwenda kukata, matabaka yanaondoa sehemu ya ncha zilizonyooka, na mchanganyiko wa mizizi iliyojikunja na ncha zilizonyooka unafichika ndani ya mkato ambao wenyewe hauko sawasawa. Angalia tu pale nywele mpya zinapokutana na za dawa: ni dhaifu, hukatika kwa kuchanwa kwa nguvu. Tumia chanuo la meno mapana, kondishena ikiwa bado kichwani, ukianzia chini kwenda juu.

Kuhusu kuutengeneza nyumbani, shagi haipendi mikono mingi. Mimi nikitoka kuosha nazikamua kwa fulana ya pamba, kwa sababu taulo huzitimua, kisha nazibana kwa viganja vyenye povu la nywele, kutoka ncha kuelekea mizizini. Draya naiwekea kile kichwa kipana chenye meno kinachosambaza upepo, joto dogo, na sizigusi mpaka zikauke kabisa. Ndipo naingiza vidole mizizini na kuzitikisa. Wifi yangu anaanza na za pajini zikiwa bado mbichi, maana ndizo zinazokauka mapema na kushika vibaya. Anazilaza kwa draya upande huu, kisha upande ule, ndipo anazifungua katikati. Halafu anainama kichwa chini na kukausha mizizi. Dawa ya kupulizia yenye chumvi humpa ujazo, lakini anaitumia kwa kiasi kwa kuwa hukausha nywele. Na pasi ya nywele, kwa yeyote anayeitumia, isitangulie kabla ya kinga ya joto.

Yule binti husuka twisti za ukubwa tofauti kwa makusudi: nyembamba utosini, nene kichogoni, na za pajini anazizungushia rola ndogo. Akifumua hazipatikani mbili zinazolingana, na shagi inataka hivyo hasa.

Usiku ndipo mkato huu ulipopunguza starehe yangu. Zamani nilizikusanya zote utosini kwa kibanio kilegevu na kulala. Sasa za utosini ni fupi, zinachomoka na kuamka zimevunjika umbo. Kofia ya satini imetatua, ingawa asubuhi bado nalowesha viganja na kuvipitisha mbele.

Nywele za pajini zinastahili tahadhari ya peke yake. Ukivaa miwani, kaa nayo karibu na uivae zinapokatwa, kwa sababu nywele zinazoishia kwenye ukingo wa juu wa fremu zitakaa zikisukumwa juu siku nzima. Paji likiwa fupi, ziache zifike kwenye mashavu na zifunguke katikati. Ukiwa na mahali ambapo nywele zako huota kwa kuzunguka, kwenye mstari wa paji, mwonyeshe mkataji kwa kidole, ziachwe nzito hapo ili uzito wenyewe uzilaze. Michoro ya maumbo ya nyuso inayozunguka mitandaoni siitilii maanani sana. Nimeona uso wa duara na uso mrefu ukipendeza kwa shagi ileile, kilichobadilishwa ni urefu wa vipande vya mbele tu.

Matunzo yake ni mepesi kuliko ya mikato mingi. Za pajini zinahitaji kuguswa kila baada ya wiki chache, mkato mzima unaweza kusubiri miezi miwili hadi mitatu. Hauna mstari mmoja wa kupotea, hivyo unaota kwa heshima.

Ukienda, peleka picha ya mtu mwenye nywele za aina yako, si mwenye uso unaoupenda. Muulize mkataji kama atazikata kavu au mbichi, na kwa nini. Mwombe akuonyeshe kwa kidole, kichwani mwako, tabaka fupi litaishia wapi likikauka. Akikuonyesha picha ukutani badala ya kichwa chako, shukuru, uchukue mkoba wako. Na kama bado moyo unasita, kata za mbele peke yake, uache matabaka ya juu kwa safari nyingine. Hata hizo pekee zitakuonyesha namna nywele zako zinavyopokea mkasi, na mkataji atakuwa na kipimo cha kuanzia.